Mahari kwenye Foronya

Kimironko, Kigali

Baba yangu,

Shikamoo. Najua kabla hujaifungua barua hii utainusa kwanza, nayo itanuka dizeli, kwa sababu nimempa dereva wa lori anayeshuka Tanga bandarini, na yeye kila kitu hukisukuma chini ya kiti. Usimlaumu, ni mtu mwema. Goti linaendeleaje? Na macho? Mdogo wangu Zuhura aliniambia kwamba siku hizi unasoma kwa kushika kioo cha kukuzia herufi, lakini mwanafunzi akikosea aya chuoni bado unamkamata hata ukiwa umesinzia. Hilo la pili halikunishangaza. Sisi huku tu wazima: mimi, Haruna, na mjukuu wako Rukia, ambaye baba yake hadi leo humwita Lukia, na mtoto mwenyewe ameshazoea kuitikia yote mawili.

Simu ningepiga, lakini simu huisikii, na Zuhura hukuwekea spika, basi mtaa mzima unapata habari zangu kabla yako. Haya ninayokuandikia ni ya kwako. Yeye akikusomea, asome taratibu, na asicheke mpaka mwisho.

Nianze na binti mmoja, maana yeye ndiye aliyeyaleta yote. Anaitwa Keza. Ni Mnyarwanda aliyekulia Kampala, msanii kwa kazi, mpole wa sauti. Alikuja sokoni kwetu, kwenye safu ya mafundi cherehani nyuma ya wauza vitenge, ameandamana na mchukuzi aliyebeba jora zima la bafta nyeupe. Baba, nilipoiona ile bafta nilishtuka. Unajua kwetu bafta ya namna ile hununuliwa kwa jambo gani. Nikajua huyu kafiwa, nikasimama kumpa pole. Akacheka. Akasema hajafiwa na mtu, anataka tumshonee foronya.

Foronya, nikasema, hilo ni jambo la heri. Mimi nimekua nikidarizi foronya na mama, "Lala Salama" upande huu, "Usiku Mwema" upande ule, na maua pembeni. Nikamwuliza ni za harusi ya nani.

"Si harusi, mama," akasema. "Hii ni mto ya mwisho. Umusego wa nyuma. Mtu anakuja hapa, anakaa kwa fundi, anasema kitu gani anataka kumaliza mbele ya kulala ile usingizi mrefu. Fundi anashona vile amesema. Baadaye tutaziweka zote kwenye ukumbi kule Kicukiro, watu watazame, wafikirie."

"Wafikirie nini?"

"Kifo, mama."

Alilitamka hivyo hivyo, mchana kweupe, mbele ya watu wanaokula sambusa zao. Nikatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Kwetu jambo hilo lina jina, nalo ni uchuro. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitupiga kibao cha mdomo tukisema "nikifa" kwa mzaha. Na huyu mtoto wa watu anawaita walio hai waje wajichurie wenyewe, kwa mdomo wao, na mimi niwashonee kwa mkono wangu! Nikamwambia nitafikiria, maana yake hapana.

Sokoni kila mtu akawa na lake. Mama Kevine, huyu mwenye cherehani inayopakana na yangu, Mnyarwanda mlokole asiyekosa kanisani, alisema ni watu wa bima wanatafuta nani ana wasiwasi ili wamuuzie. Fundi mmoja Mkenya akasema ni frimasoni, wanakusanya majina. Muuza zipu akasema hapana, ni serikali inapima watu wana furaha kiasi gani. Mimi nilisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nikafunika cherehani yangu. Lakini ndiyo miezi ya njaa kwetu, shule zimefungwa, sare hazishonwi, na Keza alikuwa analipa vizuri. Mama Kevine alikubali wa kwanza, yeye na bima yake. Nami nikafunua cherehani.

Akatugawia kazi. Wanaosema Kinyarwanda waende kwa Mama Kevine. Wa Kiswahili waje kwangu: Watanzania, Wakenya, Wakongo, na hawa Wanyarwanda waliokulia kwetu. Sharti lake lilikuwa moja, nalo lilinikera kuliko uchuro wenyewe. Fundi ashone anavyosikia. Asinyooshe kitu. Unajua, Baba, watu wa huku ra na la kwao ni mama mmoja baba mmoja, huchukua yoyote iliyo karibu. Mteja wangu wa kwanza akasema kabla hajalala anataka "kuludi" Kigoma. Mimi nikashona KURUDI, kwa herufi nzuri, nikajisifu. Keza alipopita akasoma, akamwuliza yule mtu alisemaje, kisha akaniambia nifumue. Mimi, binti yako, nifumue neno lililo sahihi nishone kosa! Nilifumua nikiuma meno.

Walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Dereva wa pikipiki alitaka kuezeka nyumba ya mama yake. Muuza mboga, bibi wa makamo, alitaka "kukura" samaki wa baharini, maana hajapata kumwonja. Mhasibu mmoja Mkenya alisema, "Kabla sijalala nataka bosi wangu alale kwanza," nami nikamshonea kwa uzi mwekundu bila kumwuliza neno. Mwingine, mtu wa ofisi mwenye tai, alisema anataka kuomba msamaha, nikamwuliza nishone kwa nani, akasema acha hapo hapo.

Na wapo waliokaa wasiseme. Mama mmoja alikaa kwenye stuli yangu akaishika ile bafta mapajani kwa muda, kisha akaniomba nimshonee pindo tu, bila neno. Nikamshonea pindo. Huku hayo hayaulizwi, nawe unajua ni kwa nini.

Basi nikaanza kuzoea, nikasema labda huyu binti hana ubaya. Hapo ndipo nilipopigwa.

Sasa nije kwa mkweo. Haruna unamjua, fundi wa kulehemu vyuma vya malori, mtu wa maneno machache, na hayo machache nusu yake lazima niyanyooshe. Akitoka asubuhi husema anakwenda kurehemu gari, nami humjibu kwamba Mwenye kurehemu ni Mmoja tu. Ndio utani wetu wa kila siku. Lakini kwa miezi kadhaa amekuwa akichelewa kurudi, na ukimwuliza, kuna lori limekwama gereji, Gatsata. Baba, fundi wa kulehemu akitoka kazini hunuka moshi, na vidole vyake huacha alama kwenye kikombe. Huyu alikuwa anarudi mikono misafi mpaka viwikoni. Na miguu imeoshwa! Mwanamume ametoka chini ya lori, vidole vya miguu vinang'aa. Nikimwuliza anasema wamewekewa bomba jipya.

Tena akawa ananong'ona. Akiingia bafuni namsikia anasema maneno, chini chini, kwa upole ambao mimi sijasemeshwa tangu Rukia azaliwe. Nikisogelea mlango ananyamaza. Siku moja nikamwuliza anaongea na nani humo ndani.

"Na mswaki," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo. Nikaanza kumpekua mifuko. Sikupata kitu, na kutopata kitu kukanitia shaka zaidi.

Foronya zilipokamilika, Keza alitualika mafundi tukazione kabla watu wengine hawajaingia. Zilikuwa zimevishwa mito, na mito imelazwa juu ya vitanda vya mbao visivyo na godoro, safu kwa safu, unapita katikati bila viatu. Sikupenda. Nilikuwa natembea haraka nikitafuta kazi yangu, nikafika kwenye safu ya Mama Kevine, uzi wake wa buluu ninaujua. Nikasoma moja kwa Kiswahili, nikashangaa imefikaje kwake.

KABLA SIJARARA NATAKA KUMARIZA MAHARI. HALUNA, GATSATA.

Nikakaa papo hapo juu ya kitanda, mlinzi akaja kunitoa.

Hebu fikiri nami. Mahari! Tena kumaliza! Mtu humaliza alichokianza. Kwa hiyo ameshaanza, ameshatoa sehemu, kuna nyumba hapa Kigali ambako mume wangu anaitwa mkwe na kuwekewa maji ya kunawa miguu. Na kwa nini aende kwa Mama Kevine, mimi nimekaa hatua mbili tu kutoka pale? Siku hiyo lazima alingoja nimekwenda kuswali. Yaani alinivizia nikiwa mbele ya Mungu.

Kesho yake nilimkamata Mama Kevine hajafungua hata kufuli la kabati.

"Mama Kevine, mume wangu alikwambia mahari, au mahali?"

"Yego, ndiyo. Mahari."

"Sikiliza vizuri. Mahari ya kuolea mwanamke, au mahali pa kukaa?"

"Hiyo hiyo. Mahari."

"Ipi kati ya hizo?"

"Weye Mama Rukia, mimi nashona vile nasikia. Keza alikataza kunyosha. Bwana yako iko na akiri yake, muurize."

Nikamwomba atamke polepole. Akatamka polepole, akaniangalia mdomo, akatamka tena, na bado sikupata kitu. Muuza zipu akaingilia, naye akatamka, wakaanza kushindana, soko zima likawa linasema mahari. Kisha Mama Kevine akapiga makofi, akaapa kwa Kinyarwanda. "Yampaye inka! Weye unalia bure! Hiyo ni mahari ya kujenga. Kiwanja! Wanaume wote wa Gatsata wanajenga. Anakuficha akufulahishe."

Nikashika hilo, Baba. Nilitaka liwe hilo. Mchana kutwa nilishona nikiimba. Lakini jioni akarudi na miguu yake misafi, na mimi nikajiuliza ni kiwanja gani hicho mtu hukikanyaga na kurudi hana hata vumbi.

Nikafanya jambo ambalo hungelipenda. Nilipika pilau, nikaitia kwenye hotipoti iwe kisingizio, nikapanda pikipiki mpaka Gatsata jioni moja ya kazi. Gereji ilikuwa wazi lakini Haruna hayupo. Nikamkuta mzee mmoja anayepiga rangi magari, nikamwuliza.

"Haluna? Ameenda kwa ule mama."

"Mama yupi?"

Akaona ameteleza. "Ule mama... ya pale juu. Iko karibu kurudi."

"Huenda kila siku?"

"Oya, si kila siku. Ijumaa hapana."

Ijumaa hapana! Hata dhambi yake ina siku ya mapumziko. Sikumngojea. Pilau ile niliila mwenyewe, nimesimama kando ya barabara, kwa hasira, nikamaliza yote.

Utaniuliza kwa nini sikumkabili siku ile ile. Ni kwa sababu ya Keza tena. Alikuwa ametangaza kwamba siku ya kufunga, Jumapili, kila mwenye foronya atakuja Kicukiro aichukue, na mbele ya watu amkabidhi yule inayemhusu. Nikasema vema. Sina haja ya kuuliza. Nitakaa pale nione mikono yake inaelekea wapi. Nilitoa sanduku, nikaweka nguo zangu na za Rukia, nikalirudisha chini ya kitanda. Mama Kevine nilimwomba anitazamie cherehani. Haruna angempa mwingine foronya ile, mimi na mtoto tungepanda basi asubuhi yake, na barua hii usingeiona, ungeniona mimi mlangoni. Yeye hakujua lolote. Alikunywa chai yake, akaniuliza mbona kimya, nikamwambia jino linaniuma.

Jumapili ukumbi ulijaa. Dereva wa pikipiki alikuja na mama yake mzazi kutoka kijijini, akampa foronya, mama akaitandaza kichwani kama mtandio, watu wakapiga vigelegele. Mhasibu Mkenya hakutokea. Yule mama wa pindo alikuja peke yake, akachukua ya kwake, akaikunja vizuri akaitia kifuani, akatoka, na hakuna aliyemfuata. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mkono wa Rukia nimeushika mpaka akalalamika.

Haruna akaingia. Amevaa shati jeupe. Na nyuma yake, Baba, mwanamke mwenye buibui.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, tena makali, ya kwetu Tanga, nilitaka aaibike kwa Kiswahili fasaha. Wakasogea. Mwanamke akainua uso, nikaona ni bibi, wa rika lako au zaidi, miwani imefungwa kwa uzi, mdomoni meno ya kuhesabu. Haruna alikwenda moja kwa moja kwenye kile kitanda, akauvua mto, akaja na foronya mkononi, akaninyooshea mimi.

"Mama Lukia, chukua. Hii ni yako."

"Mahari ya nani haya?" Nilipaza sauti, Keza akageuka.

"Yako."

"Mahari yangu nilishapokea."

"Hapana. Haijaisha. Mwarimu alisema nimarizie kwangu."

Sikuelewa. Kisha nikakumbuka. Kumbuka nawe, Baba. Siku ya ndoa yangu ulitaja mahari mbele ya watu: msahafu, cherehani, na bwana harusi anisomee mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, ile sura tunayowasomea wagonjwa. Ulikuwa unampima. Alikuwa Mwislamu wa juzi, Mnyarwanda wa Karagwe ambaye ukoo wake hatuujui, aliyekuja Tanga na lori bovu. Akaanza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia zile herufi zinavyopinduana, nikasikia wajomba wanakohoa, kisha kicheko. Nawe ukasema, "Yatosha, yatosha. Mengine utamalizia kwako." Wakacheka zaidi, sinia zikaletwa.

Sote tulijua maana yake. Kwa Kiswahili chetu, ukimwambia mtu "mengine utamalizia kwako" umemwachia, yamekwisha, tule. Nami tangu siku ile nahesabu kwamba mahari yangu yalitimia. Haruna hakusikia hivyo. Alisikia amri ya mkwewe. Miaka yote hii amekaa nami akijua kwamba ndoa yake ina kipande ambacho bado, na hakupata wa kumfundisha, wala hakutaka kunitajia, maana binti wa Mwalimu angetaka kumfundisha mwenyewe, na angemcheka. Hapo alikuwa na haki, ningemcheka.

"Kwa nini sasa?" nikamwuliza.

"Roli iliteleza kwenye jeki. Nilikuwa chini yake."

"Lini? Hukuniambia!"

"Ungeria." Akatazama miguu yake. "Nilitoka, Mungu alisaidia. Lakini pale chini nilifikili kitu kimoja. Nikasema nakufa na haki ya mtu shingoni. Kesho yake nikatafuta mwarimu."

Yule bibi akasogea. Anafundisha watoto chuo, chumbani kwake, juu ya barabara ya Gatsata. "Bwana yako iko na urimi ngumu, mama," akaniambia. "Watoto wanamucheka. Mimi nilimwambia mara mingi aache, Mungu anajua nia. Anasema hapana, mukwe yake hakusema nia, alisema mwisho. Sasa amefika mwisho. Mimi nimechoka, nampeleka kwako." Basi ile miguu, Baba, ilikuwa ya udhu, na mnong'ono wa bafuni ulikuwa wa kuzoeza herufi.

Alinisomea jioni ile ile nyumbani, jua halijazama, Rukia amelala kifudifudi anachora. Yeye alikaa kwenye mkeka, mimi kwenye kiti cha cherehani, msahafu wazi mapajani. Mwanzoni kila alipokosea niliinua kidole, kama ufanyavyo wewe. Anasimama, anarudi nyuma, anajaribu. Nikiinua tena, anarudi tena, jasho linamtoka, hakasiriki. Sura hii nimeisikia mara nyingi maishani mwangu, na kila mara anasomewa mtu asiyejibu. Mama alisomewa na nyinyi nyote mkiwa mmemzunguka, na sijui alisikia nini. Mimi nilisomewa nimekaa, macho wazi, nasikia kila neno, na wengi wa wanadamu hawasomewi hivyo na mtu wao. Nikaona kovu nyuma ya shingo yake, lile aliloniambia ni cheche ya moto, na sasa najua si cheche. Kidole kikasahau kazi yake. Nilimpenda mtu yule, Baba, kuliko siku uliyoniozesha, na nakuandikia bila haya kwa sababu ni kweli.

Alipofika mwisho akafunika uso. Kisha akauliza, "Imetimia?"

Na mimi, kwa mazoea tu, nikajibu, "Nitamwuliza Baba."

Aliitikia kwa kichwa.

Keza amenifuata sokoni anataka kuinunua ile foronya aipeleke Ulaya kwenye maonyesho. Nimekataa. Bado simwamini sana yule binti, na bafta yake bado ni bafta. Sanduku nimelifungua, nguo zimerudi mahali pake, na Haruna hajui kwamba lilifungwa. Usimwambie.

Nisalimie Zuhura, mdogo wangu na msomaji wako, sasa anaweza kucheka. Nisalimie Shangazi Bi Tatu, dada yako, mwambie dawa ya kifua nimeipata, dereva anayo. Mjomba Athumani, kaka wa marehemu mama, aliyecheka siku ile kuliko wote, msalimie pia, na umweleze haya akiwa hajala. Wanafunzi wako wa chuo wape salamu za binti aliyekaa jamvi lao kabla yao.

Nimebakiza moja. Haruna anasubiri jibu lako. Kila akirudi kazini anauliza kama nimeshakuandikia. Anataka kujua kama kisomo chake kinahesabika, kwa kuwa zile herufi mbili hazikumnyookea mpaka mwisho, na wewe ndiye uliyeweka sharti. Nilishika kalamu nikikusudia kukuuliza. Sasa nimefika hapa, naona sikuulizi. Mahari ni haki ya mke, si ya baba yake, wewe mwenyewe ulinifundisha. Yangu yamesomwa yote, nami nimeyapokea. Wewe nakuarifu tu. Yupo sebuleni anamfunga Rukia kamba za viatu. Naweka kalamu chini, naenda kumwambia.

Ni mimi mwanao, niliye radhi na ninayeomba radhi zako,

Mwanaidi, mke wa Haruna